Oktoba yetu sisi watu wa kompyuta

Magazeti mengi huwa na kile kisanduku kidogo cha "siku kama ya leo", kinachokuambia nani alizaliwa, nani alifunga ndoa na nani alifariki. Mimi hukisoma hata kabla ya habari za michezo. Tatizo ni kwamba watu wa fani yetu huonekana humo kwa nadra, na wakionekana huwa ni wale wale wawili watatu. Basi leo nimeamua kutengeneza kisanduku chetu wenyewe cha mwezi wa Oktoba. Mwezi huu umejaa misiba na mianzo ya kompyuta, na Oktoba moja hasa, ile ya 2011, ina jambo ambalo nataka tulitazame pamoja. Karibuni.

Tuanze na mzee wetu sote. Tarehe 18 Oktoba 1871, Charles Babbage alifariki London akiwa na umri wa miaka 79. Huyu ndiye aliyebuni mashine ya kupiga hesabu kwa magurudumu ya meno, halafu akabuni nyingine kubwa zaidi ambayo ingeweza kupewa maagizo kwa kadi zenye matundu. Hakumaliza kuunda hata moja kati ya mashine zake kubwa. Serikali ya Uingereza ilimpa fedha, ikachoka kungoja, ikafunga mfuko. Akafa wengi wakimwona kama mzee mwenye ndoto zisizotimia. Sasa sikilizeni: mwaka 1991 Jumba la Makumbusho ya Sayansi la London liliunda sehemu ya hesabu ya muundo wa pili wa ile mashine yake ya kupiga hesabu kwa kufuata michoro yake, na ikafanya kazi! Michoro ilikuwa sahihi kwa zaidi ya miaka 140, haikuwa na mtu wa kuitimiza.

Turuke karibu karne moja. Tarehe 29 Oktoba 1969, saa nne na nusu usiku, mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu cha UCLA aitwaye Charley Kline alikaa mbele ya kompyuta akajaribu kuingia katika kompyuta nyingine iliyokuwa mamia ya kilomita kutoka hapo, kwenye taasisi ya SRI, California hiyo hiyo. Alitaka kuandika neno LOGIN. Akaandika L, ikafika. Akaandika O, ikafika. Alipoandika G, kompyuta ya upande wa pili ikaanguka. Kwa hiyo ujumbe wa kwanza wa mtandao wa ARPANET, ambao ndio bibi yake intaneti, ulikuwa herufi mbili tu: LO. Kama saa moja baadaye walirekebisha na Kline akafaulu kuingia. Wewe mwandishi wa programu unayevunjika moyo programu yako inapoanguka mara ya kwanza, weka tarehe hiyo kichwani.

Katika kundi hilo hilo la wanafunzi wa UCLA alikuwamo kijana mwenye ndevu nyingi aitwaye Jon Postel. Wenzake walipoanza kuandika nyaraka za makubaliano ya mtandao, zile zinazoitwa RFC, Postel akawa mhariri wake, na akabaki mhariri mpaka siku ya kufa kwake. Kazi yake nyingine ilikuwa kugawa namba na majina: anwani zipi zitumike wapi, nchi ipi ipate herufi gani mwishoni mwa tovuti zake. Kwa muda mrefu daftari hilo lilikuwa mikononi mwake pamoja na wasaidizi wachache. Alipolazimika kuamua nchi ni ipi na isiyo nchi ni ipi, alikwepa siasa kwa njia ya busara: alichukua orodha ya herufi mbili mbili ya shirika la viwango la ISO, akasema tutafuata hiyo. Ndivyo Kenya tulivyopata .ke yetu, mwaka 1993.

Postel alifariki tarehe 16 Oktoba 1998 huko Los Angeles, kutokana na matatizo ya moyo, akiwa na miaka 55. Siku iliyofuata rafiki yake Vint Cerf aliandika tanzia, na tanzia hiyo ikatolewa kama waraka wa RFC, namba 2468. Yaani katikati ya nyaraka za itifaki na vichwa vya pakiti, kuna waraka mmoja wa kumlilia mtu. Mimi nikiwa chuoni nilikutana nao nikitafuta kitu kingine kabisa, nikausoma wote, nikasahau nilichokuwa natafuta.

Sasa tupite haraka haraka kwenye mianzo. Bill Gates alizaliwa Seattle tarehe 28 Oktoba 1955. Windows XP, ambayo wengi wetu tuliikuta kwenye saiba za mtaani, ilianza kuuzwa tarehe 25 Oktoba 2001, siku mbili tu baada ya Apple kuitambulisha iPod. Tarehe 5 Oktoba 1991, mwanafunzi wa Helsinki aitwaye Linus Torvalds alitangaza toleo la 0.02 la kiini cha mfumo endeshi alichokuwa akikiandika, akawaalika wengine wakichezee. Kiini hicho tunakiita Linux. Tarehe 22 Oktoba 2008, simu ya kwanza ya Android ilianza kuuzwa Marekani, na ndani yake mlikuwa na Linux hiyo hiyo.

Na tusisahau tarehe 20 Oktoba 2004, siku ambayo toleo la kwanza la Ubuntu lilitoka. Mwanzilishi wake ni Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lenyewe ni la Kinguni. Sisi Waswahili hatuhitaji kamusi hapo: shina -ntu ndilo letu la -tu, na ubuntu ni utu. Kwa miaka kadhaa walikuwa wakituma diski za bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba, popote duniani, jambo ambalo kwa watu wenye intaneti ya kusuasua lilikuwa zawadi kubwa.

Haya, sasa tuje kwenye Oktoba ya 2011.

Tarehe 4 Oktoba 2011 Apple walitambulisha iPhone 4S. Kesho yake, tarehe 5, Steve Jobs akafariki nyumbani kwake Palo Alto akiwa na miaka 56, baada ya kuugua saratani ya kongosho kwa miaka. Mimi nilikuwa bado shule ya msingi, lakini hata sisi watoto tuliusikia msiba huo. Watu waliweka maua na mishumaa nje ya maduka ya Apple. Rais Obama alitoa taarifa. Magazeti yalimweka ukurasa wa kwanza, kutoka Marekani hadi kwetu.

Siku saba baadaye, tarehe 12 Oktoba, Dennis Ritchie alikutwa amefariki nyumbani kwake Berkeley Heights, New Jersey. Alikuwa na miaka 70 na alikuwa akiishi peke yake. Habari ilianza kuenea kupitia kwa Rob Pike, aliyewahi kufanya kazi naye. Sisemi kwamba hakuandikwa, magazeti makubwa yalimwandikia tanzia, lakini mtaani hakuna aliyewasha mshumaa.

Ritchie ni nani? Baba yake, Alistair, alikuwa mhandisi wa Bell Labs, na yeye mwenyewe alijiunga na maabara hiyo mwaka 1967. Mwaka 1969 mwenzake Ken Thompson alianza kuandika mfumo endeshi mdogo uitwao Unix. Ritchie alijiunga naye, na katika miaka ya mwanzo ya 1970 akabuni lugha ya C. Mwaka 1973 wakaiandika Unix upya kwa C. Hapo ndipo penye siri. Kabla ya hapo mifumo endeshi mingi iliandikwa kwa lugha ya mashine moja maalumu, ukibadilisha mashine unaanza upya. Unix ya C iliweza kuhamishwa kutoka mashine hadi mashine. Mwaka 1978 Ritchie na Brian Kernighan walitoa kitabu cha kufundisha C, kile ambacho wengi wetu tulikisoma kwa nakala ya fotokopi yenye kurasa zilizofifia. Mwaka 1983 yeye na Thompson walipewa Tuzo ya Turing.

Sasa unganisha uzi, msomaji. Jobs alipofukuzwa Apple alianzisha kampuni ya NeXT mwaka 1985, na mfumo endeshi wa NeXT ulijengwa juu ya ukoo wa Unix. Apple waliponunua NeXT, mfumo huo ukawa msingi wa kompyuta za Mac, baadaye ukawa msingi wa iPhone. Kwa hiyo simu iliyotambulishwa tarehe 4 Oktoba ilikuwa imesimama juu ya kazi ya mzee aliyekutwa amefariki tarehe 12. Linux nayo ni jamaa ya Unix kwa tabia, na sehemu yake kubwa imeandikwa kwa C. Python unayojivunia? Kitafsiri chake kikuu kimeandikwa kwa C. PHP pia. Kompyuta 500 zenye nguvu zaidi duniani zimekuwa zote zikitumia Linux tangu Novemba 2017. Wahenga walisema asiyekujua hakuthamini, na hapa naona walisema kweli tupu.

Na mwezi haukuishia hapo! Tarehe 24 Oktoba 2011, John McCarthy alifariki nyumbani kwake Stanford akiwa na miaka 84. Huyu ndiye aliyebuni jina "akili bandia", katika pendekezo la mwaka 1955 la mkutano uliofanyika chuoni Dartmouth kiangazi cha 1956. Mwaka 1958 akabuni lugha ya Lisp. Kwa ajili ya Lisp akabuni pia njia ya programu kujisafishia kumbukumbu yenyewe, kuokota takataka bila mwandishi kuhangaika. Kila unapoandika Java, JavaScript au Go na husumbuki kurudisha kumbukumbu, unafaidi wazo lake. Mwaka 1961, katika hotuba kwenye sherehe za miaka 100 za chuo cha MIT, alisema huenda siku moja uwezo wa kompyuta ukauzwa kama huduma ya simu inavyouzwa. Leo tunalipia seva kwa saa na hatushangai. Na akili bandia leo iko kwenye kila tangazo, lakini muulize kijana anayeitumia kila siku ni nani aliyeipa jina, uone kama atakujibu.

Watu watatu, siku ishirini. Mmoja alililiwa na dunia nzima, wawili waliliwa na wanaowajua. Sisemi Jobs hakustahili machozi. Kuchukua vitu vigumu na kuvifanya mama yangu avitumie bila kuuliza ni kazi, tena kazi ngumu, na wahandisi wengi wazuri hawaiwezi. Ninachosema ni kwamba tukihesabu jina moja kwa kila kifaa, tunapata historia ya uongo. Na historia ya uongo ina madhara yake: kijana wa Kenya anayetaka kuingia katika fani hii anafikiri lazima awe mtu wa jukwaani, mwenye kampuni na picha gazetini. Hajui kwamba kuna njia nyingine, ya kukaa miaka mingi kwenye jambo moja la msingi mpaka likae sawa, na wengine wote wajenge juu yake.

Jambo hili nchini kwetu tumeshalifikiria, tena katika mwezi huu huu. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, na Jomo Kenyatta akakamatwa pamoja na wenzake. Kwa miaka mingi tuliiadhimisha kama Siku ya Kenyatta, jina la mtu mmoja. Lakini waliohukumiwa Kapenguria walikuwa sita: pamoja naye walikuwapo Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng' Oneko, na nyuma yao walikuwa maelfu msituni na vizuizini. Katiba ya 2010 ikaibadilisha siku hiyo kuwa Sikukuu ya Mashujaa. Hatukumwondoa Kenyatta kwenye historia, tuliongeza viti.

Ombi langu ni hilo hilo kwa kisanduku chetu. Oktoba ijayo utakapoona picha ya Jobs tarehe 5, ongeza viti: Torvalds siku hiyo hiyo, Ritchie tarehe 12, Postel 16, Babbage 18, McCarthy 24, na wale wanafunzi wa herufi mbili tarehe 29. Na ukiwa na mwenzako kazini ambaye hurekebisha seva usiku na hakuna anayejua jina lake, usingoje tanzia. Mshukuru leo, angali anaweza kukusikia.