Tom Wills
Thomas Wentworth Wills (19 Agosti 1835 – 2 Mei 1880) alikuwa mchezaji wa kriketi na mmojawapo wa waanzilishi wa kandanda ya Kiaustralia. Alizaliwa New South Wales akasoma Rugby, Uingereza.

Mwaka 1858 aliandika gazetini akipendekeza wanakriketi waunde klabu ya kandanda ili wasilegee miili wakati wa baridi. Mwaka 1859 alishiriki kuandika kanuni za kwanza za klabu ya Melbourne. Alikuwa nahodha wa Melbourne na Geelong.

Mwaka 1861 baba yake aliuawa na Waaborijini huko Queensland. Hata hivyo, mwaka 1866 Wills alikuwa kocha na nahodha wa timu ya kriketi ya Waaborijini wa Victoria.

Baada ya miaka mingi ya ulevi, alijiua akiwa na miaka 44.