Utani na Haki ya Kukemeana katika Historia ya Tanganyika

Katika jamii nyingi za Tanganyika ya zamani, kazi ya kumwonyesha mtu mzima kasoro za mwenendo wake haikuachwa mikononi mwa wazazi, wazee na viongozi wa dini peke yao. Sehemu yake nzito ilikabidhiwa kwa mtani, yaani mtu wa kabila au ukoo mwingine ambaye mila ilimruhusu kumkejeli mwenzake hadharani, kumchukulia kuku au nguo bila kuomba, na kumtamkia maneno ambayo yangetoka kinywani mwa mtu mwingine yangezua ugomvi, ilhali aliyeambiwa alikatazwa kabisa kukasirika. Uhusiano huo, unaoitwa utani, umeelezwa mara nyingi kama mzaha wa makabila na kuishia hapo. Maelezo hayo yanaupunja, kwa sababu utani ulikuwa mojawapo ya njia ambazo watu walijifunzia lipi ni la aibu na lipi ni jema, na zaidi ya hayo, nani ana haki ya kuyatamka mbele ya watu.

Utani ulikuwa wa namna kadhaa. Ndani ya jamaa, mababu na mabibi walitaniana na wajukuu wao, na mabinamu walitaniana wao kwa wao, huku uhusiano wa mtu na wakwe zake ukitawaliwa na staha kubwa iliyozuia hata kutazamana usoni katika baadhi ya jamii. Kwa Waluguru, ambao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, koo maalumu zilikuwa watani wa koo nyingine na zilibebeana majukumu mazito wakati wa misiba. Namna ya tatu, iliyosambaa kuliko zote, ilikuwa ya kabila kwa kabila, kama vile Wangoni na Wahehe, Wanyamwezi na Wazaramo, au Wapare na Wachaga.

Chanzo cha utani wa makabila kinatafutwa mahali pawili, na kila pahali pana ushahidi wake. Pa kwanza ni vitani. Wangoni, waliotoka kusini mwa Afrika na kuvuka mto Zambezi mwaka 1835 chini ya Zwangendaba, walifika Ufipa katika miaka ya 1840, na baada ya kifo cha kiongozi wao waligawanyika katika makundi, mengine yakielekea kaskazini na mengine yakishuka hadi nchi ya Songea. Walikopita walipigana na wenyeji, na vita vyao na Wahehe katika robo ya mwisho ya karne ya 19 vilikuwa vikali kiasi kwamba hakuna upande uliomshinda mwenzake moja kwa moja. Maadui hao walipoacha kupigana, uadui wao uligeuzwa kuwa haki ya kutukanana bila kuumizana, na wajibu wa kusaidiana ukaambatanishwa nayo.

Pa pili ni njia ya msafara. Katika karne ya 19 maelfu ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma, walibeba pembe za ndovu kutoka bara hadi Bagamoyo na miji mingine ya pwani, wakapita Ugogo, Usagara na Uzaramo, nchi ambazo hawakuwa na ndugu wala shamba ndani yake. Mpagazi aliyeugua njiani alihitaji mtu wa kumpa uji na mahali pa kulala, na aliyekufa alihitaji mtu wa kumzika. Utani ulimpatia mgeni huyo mwenyeji ambaye hakuwa na hiari ya kumkataa, na ulimpatia mwenyeji haki ileile siku atakapokuwa ugenini. Hapa ndipo uzito wa kimaadili wa desturi hii unapoonekana wazi kuliko mahali pengine popote: kejeli ilikuwa uso wa nje wa ahadi ya kutotupana, na aliyekubali kutukanwa na mtani alikuwa anakubali pia kwamba mtani huyo ana dai juu yake. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na kuufikisha ukingoni upagazi wa safari ndefu, ahadi hiyo ilihamia kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na kwenye mitaa ya Dar es Salaam, ambako vibarua wa makabila mbalimbali walikuwa ugenini vilevile.

Msiba ndio uliokuwa baraza kuu la mtani. Katika jamii nyingi watani ndio waliochimba kaburi na kusimamia mazishi, kwa kuwa wafiwa walihesabiwa kuwa wamezidiwa na huzuni na hawakustahili kushika jembe. Lakini watani hao hao waliingia matangani wakiigiza mwendo wa marehemu, sauti yake, namna alivyodai madeni na alivyokwepa kuyalipa, alivyowaficha wageni chakula au alivyopenda kujisifu kwenye pombe. Waliweza kuzuia maiti isitoke, au mmoja wao akashuka kaburini na kulala humo akisema hatoki mpaka apewe kitu, na wafiwa waliokuwa wakilia wakajikuta wakicheka na kutoa. Mtazamaji asiyeijua mila angeona kufuru. Waliokuwa ndani yake walisikia maisha ya mtu yakipimwa mbele ya jamii nzima, bila sifa za uongo ambazo ndugu hulazimika kuzitoa, na kila aliye hai pale alijua kwamba siku yake ikifika atapimwa hivyo hivyo. Uchoyo, uvivu, majivuno na ugomvi vilipata hukumu yao bila mahakama, na watoto waliosikiliza walijifunza orodha ya aibu za jamii yao kwa kuona ni mambo gani watani waliyaigiza.

Kuna hekima kubwa katika uchaguzi wa mtu aliyekabidhiwa kazi hiyo. Ndugu anapokemea, husemwa kwamba anatamani urithi. Jirani anapokemea, husemwa ana kijicho. Mtawala anapokemea, hutiiwa kwa hofu. Mtani hakuwa na urithi wa kugombea wala cheo cha kulinda, alikuwa karibu vya kutosha kuyajua mambo ya mwenzake na mbali vya kutosha asinufaike na aibu yake, na kesho yake alikuwa yeye wa kukejeliwa. Kwa upande wa msikilizaji, sharti la kutokasirika lilikuwa somo la kujizuia, kwani aliyeshindwa kuvumilia ndiye aliyeaibika mbele ya wote na kutakiwa kutoa faini. Wanaodhani kwamba maadili hurithishwa kwa mawaidha ya wakubwa kwa wadogo tu wanaisahau sehemu hii ya malezi, ambamo watu sawa walirekebishana maisha yao yote.

Haifai hata hivyo kuupamba utani kupita kiasi. Ruhusa ya kugusa na kusema maneno ya uchi iliwaangukia wanawake kwa uzito zaidi, na mwanamke aliyechukizwa hakuwa na pa kulalamika, kwa kuwa kanuni ileile ya kutokasirika ilimfunga mdomo. Aidha, kejeli zilizorudiwa kizazi baada ya kizazi, kwamba kabila fulani ni bahili au fulani hula kisicholiwa, ziliweza kuacha fikra zisizo za haki vichwani mwa watu ambao hawakuwa na mtani wa kabila hilo wa kuwajibu.

Wataalamu walianza kuandika kuhusu desturi hii kwa upana mnamo 1940, pale mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown alipotoa nadharia yake kwamba mzaha wa lazima huwekwa kati ya watu ambao wameunganishwa na kutenganishwa kwa wakati mmoja. R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani katika milima ya Usambara, alikusanya taarifa za utani wa makabila ya Tanganyika na kuzichapisha katika miaka hiyo ya 1940. Katika miaka ya 1970, watafiti na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikusanya kumbukumbu nyingi zaidi kutoka mikoa mbalimbali. Nadharia ya Radcliffe-Brown inaeleza vizuri jinsi mzaha ulivyozuia ugomvi, lakini inasema machache kuhusu ukweli uliotamkwa ndani ya mzaha huo, nao ndio uliowafanya watu wauogope na kuuthamini.

Leo neno utani linasikika zaidi viwanjani, ambako Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanzishwa mwaka uliofuata, huitwa watani wa jadi. Kejeli kati ya mashabiki wao ni halali na haina mwisho, ila shabiki wa upande mmoja hana wajibu uliowekwa na mila wa kumlisha wala kumzika wa upande wa pili. Mijini, kazi ya kaburi hulipiwa au hufanywa na majirani, na mtani akitokea msibani mara nyingi hupewa fedha kidogo ili anyamaze kabla hajaanza kuyaeleza mambo ya marehemu.