Tai chi: mazoezi ya wazee au ngumi?

Wadau, kimya kingi kina mshindo! Mitihani imeisha, sasa tuingie kwenye ubishi wa huku hosteli: eti tai chi ni ya wazee kunyoosha viungo tu, au mtu anaweza kujihami nayo kweli?

Tuanze na historia. Wengi husimulia kwamba mwanzilishi ni mtawa Zhang Sanfeng wa mlima Wudang. Miaka ya 1930 mwanahistoria Tang Hao aliifuatilia hadithi hiyo akaikataa. Yeye alielekeza kijiji cha Chenjiagou, jimbo la Henan, kwa ukoo wa Chen. Huko ndiko Yang Luchan (1799–1872) alikojifunza kabla ya kwenda kufundisha Beijing. Mjukuu wake, Yang Chengfu (1883–1936), akaeneza mtindo laini wa polepole. Mwaka 1956 serikali ya China ikatoa mtindo mfupi wa mikao 24, lengo likiwa afya ya wananchi. Ndio huo wengi tunaouona kwenye TV.

Sasa mwili unafanyaje kazi? Mcheki konda wa daladala. Magoti yamelegea, uzito uko chini, gari likikata kona yeye wala hatikisiki. Kwenye tai chi nguvu haitoki begani. Inaanzia kwenye nyayo, inapanda miguuni, kiuno kinaielekeza, mkono unaifikisha tu. Mtu akikusukuma hushindani naye: unageuza kiuno, nguvu yake inapita pembeni, uzito wake unatoka nje ya nyayo zake. Hapo kumwangusha ni kazi ndogo. Na ule upole una maana yake, kwa sababu ukienda haraka huoni unapoyumba.

Ila jamani, hayo huyapati peke yako. Kuna zoezi la watu wawili, tuishou, la kusukumana na kuhisi nguvu ya mwenzako. Na hata hilo si pambano. Mwaka 2017 kule Chengdu, mpiganaji wa MMA Xu Xiaodong alimmaliza mwalimu wa tai chi Wei Lei chini ya nusu dakika. Watu wakasema tai chi ni usanii mtupu. Mimi naona kanuni za mwili ziko palepale. Ila kanuni usiyoipima kwa mtu anayekupinga kwelikweli haitakuokoa kichochoroni.

Haya, wabishi wa hosteli, mnasemaje?