Pindo la Kanga Getini

Mama yangu alikuwa akifunga fedha kwenye pindo la kanga. Alizaliwa Kimamba, katikati ya mashamba ya mkonge ya Kilosa, na pindo lile ndilo lilikuwa sanduku lake la siri. Hata marehemu baba hakuligusa. Nilimkumbuka mwaka niliostaafu ualimu, nilipokwenda kutazama mpira katika uwanja mmoja wa mkoa wetu. Mlinzi wa kiume aliniamuru nifungue pindo langu mbele ya foleni nzima, maana getini hapakuwa na mwanamke wa kutusachi. Nikafungua. Zilikuwamo shilingi 10,000 na dawa zangu za presha. Alizichukua dawa, akazigeuzageuza, akazinusa, akanirudishia bila neno. Mechi yenyewe siikumbuki iliishaje.

Kwetu kukaguliwa si jambo la jana. Enzi za mkonge manamba, yaani kibarua wa mashambani, aliishi na kipande, kadi iliyohesabu siku zake 30 za kazi, na siku isiyotiwa alama haikulipwa. Wazee wa Kimamba walikuwa wakilitaja neno kipande kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa.

Hapa Mikumi nako tuna historia yetu. Hifadhi ya wanyama ilianzishwa mwaka 1964, na barabara kuu iendayo Zambia inaipasua kwa kilomita 50 hivi. Sisi abiria tumezoea vizuizi: shuka, fungua begi, nyama hii umeitoa wapi? Sipingi, maana majangili wamewaua tembo wetu wengi. Lakini mwaka 2013 Operesheni Tokomeza, iliyokuwa ikiwasaka majangili nchini, ilibidi isitishwe. Desemba ya mwaka huo Bunge lilielezwa jinsi raia walivyoteswa na wengine kufa, na mawaziri wanne wakapoteza nyadhifa zao. Mkono wa mkaguzi ukikosa mpaka, hufika huko.

Uwanjani zamani mambo yalikuwa tofauti. Nikiwa msichana tulipanda treni Kilosa kwenda Morogoro kuwaona Reli, timu iliyoitwa Kiboko ya Vigogo kwa jinsi ilivyozitesa timu kubwa za Dar es Salaam. Mtu wa geti alitazama tiketi tu. Kilichohofiwa zaidi ni hirizi: makomandoo, walinzi wa klabu, walikesha langoni ili wapinzani wasije kufukia vitu vyao usiku. Ndoo ya karanga ya mwanamke ilipita, na mtoto mgongoni akapita naye.

Kisha ikaja tarehe 11 Julai 2010. Watu walikuwa Kampala wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, wengine katika uwanja wa raga wa Kyadondo, wengine mgahawani Kabalagala, mabomu yakalipuka na kuua zaidi ya watu 70. Walikuwa mashabiki kama mimi, wamekaa kwenye viti vya plastiki. Tangu siku hiyo sijawahi kumnung'unikia mtu anayetaka kuona kilichomo mkobani mwangu. Ninachodai ni namna ya kukagua.

Wenzetu wa nchi nyingine wamelihangaikia jambo hili. Baada ya watu 39 kufa katika uwanja wa Heysel, Ubelgiji, Mei 1985, Uingereza ilitunga sheria mwaka huohuo iliyompa polisi mamlaka ya kumpekua shabiki, ila awe na sababu ya msingi ya kumshuku. Huko Marekani, mwalimu mwenzangu wa somo la uraia, Gordon Johnston, alikwenda mahakamani mwaka 2005 kupinga kupapaswa mwili kila anapoingia uwanja wa Tampa. Alishinda kwanza. Mwaka 2007 mahakama ya rufaa ikasema aliridhia mwenyewe, kwa kuwa alichagua kuingia. Hukumu hiyo siikubali mpaka leo. Mtu amekwishalipa tiketi, nyuma yake umati unasukuma, mbele yake mlinzi amekunja uso. Hiyo ni ridhaa gani?

Nilianza kazi nikifundisha Siasa, baadaye likaja somo la Uraia, kwa hiyo haya niliyasema darasani miaka mingi. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984, na ibara ya 16 inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa nafsi yake na faragha yake. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inasema mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, tena kwa kuzingatia staha kikamilifu. Ikiwa askari aliyekula kiapo amefungwa na masharti hayo, kijana aliyevalishwa kizibao asubuhi ya mechi apewe uhuru mkubwa zaidi kwa hoja ipi?

Nawaomba wanaoandaa michezo, kuanzia mabonanza yetu ya Kilosa na Mikumi hadi ligi kuu: tangazeni vitu visivyoruhusiwa kabla ya kuuza tiketi, si mtu akishafika getini. Wekeni meza, ili mtu atoe vitu vyake kwa mikono yake. Tengeni chumba, au hata pazia, kwa anayehitaji kupekuliwa zaidi. Na kila geti liwe na mwanamke wa kuwakagua wanawake. Mabinti waliomaliza kidato cha nne hapa Mikumi na hawana kazi ni wengi. Wafundisheni siku mbili, wapeni fulana na posho, wawekeni pale.