Jicho la Mnunuzi: Jinsi Mwanamke Alivyogeuzwa Bidhaa ya Burudani

Katika vijiji vya Milima ya Uluguru, ambako ukoo huhesabiwa upande wa mama na ardhi ya ukoo hurithiwa kwa nasaba hiyo hiyo, binti aliyevunja ungo hakuhesabiwa kuwa mtu mzima mpaka awekwe ndani, mbali na macho ya watu, akafundwa na wanawake wa makamo mambo ya mwili, ya nyumba na ya heshima, kisha siku ya kutoka kwake akapambwa na kuchezewa ngoma hadharani, mbele ya wajomba na mashangazi na jirani wote. Katika mafunzo hayo Waluguru, kama ndugu zao Wakwere na Wazaramo, walitumia mwana hiti, kinyago kidogo cha mti kisicho na mikono wala miguu, ambacho nywele zake zimechongwa mafungu mawili juu ya kichwa, nacho kilikuwa amana ya wanawake. Mwali alitazamwa, na alitazamwa sana. Lakini waliopanga siku ya kutazamwa kwake, waliomvika na waliojua kila wimbo ulikuwa na maana gani, walikuwa wanawake waliompitisha njia ambayo wao wenyewe walikuwa wameipita.

Sikusudii kuusifu utaratibu huo kana kwamba haukuwa na ila, maana kukaa ndani muda mrefu kuliwakosesha wasichana wengi masomo, na wengine walitoka mafichoni wakaingia moja kwa moja katika ndoa wasiyoichagua. Nimeutaja kwa sababu unatupa mizani ya kupimia historia inayofuata, nayo ni maswali mawili: nani apangaye mwanamke atazamwe vipi, na nani apokeaye malipo ya kutazamwa huko?

Mwanamke wa kwanza wa nchi zetu aliyepata umaarufu mkubwa katika biashara ya santuri aliuzwa kwa sauti. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, mnamo mwaka 1880, mtoto wa watu wa dhiki ambaye alipata kuuza vyungu kabla jina lake halijavuma, alisafiri mwaka 1928 hadi Bombay kurekodi nyimbo kwa kampuni ya His Master's Voice, na santuri zake zikaenea pwani na bara. Katikati ya santuri palibandikwa karatasi ya duara yenye maandishi. Sura ya mwimbaji haikuwamo, wala mnunuzi hakuidai. Waliomhusudu walimkejeli kwa nasaba na kwa umbo lake, naye akawajibu kwa wimbo, na marehemu Shaaban Robert, alipoandika wasifu wake, aliona kuwa adili na kipaji vya mwanamke huyo vilistahili kitabu kizima. Hiyo ni hoja isiyokanushika kwa wale wasemao kwamba mwanamke hana soko pasipo kuonyesha mwili: soko lilikuwapo, na lilimnunua Siti kwa masikio.

Huku Morogoro, mji uliojaliwa kila kitu kasoro bahari, historia ilikwenda kwa njia nyingine. Morogoro Jazz iliasisiwa mwaka 1944, na miaka michache baadaye Salum Abdallah akaanzisha Cuban Marimba, bendi aliyoiongoza mpaka alipofariki mwaka 1965. Kisha akaja Mbaraka Mwinshehe, aliyekwenda na Morogoro Jazz mpaka Osaka, Japani, katika maonyesho makubwa ya mwaka 1970, akaunda Super Volcano mwaka 1973, na akafa kwa ajali ya gari karibu na Mombasa mwezi Januari 1979. Nawaenzi watu hao, na sidhani kama yuko mtu wa Morogoro asiyewaenzi. Hata hivyo insafu yatudai tuseme kwamba walioshika magitaa na vipaza sauti walikuwa wanaume, na kwamba mwanamke, aliyejaa tele katika nyimbo zao, mara mpenzi, mara msaliti, mara shemeji, aliimbwa wala hakuimba. Dar es Salaam ilipata Women Jazz Band katika miaka ya 1960, wanawake wakipiga ala wao wenyewe, lakini mfano huo haukupata wafuasi wengi, na kwa miaka mingi mwanamke wa muziki wa dansi alibaki kuwa habari inayosimuliwa na mwanamume.

Wakati huo huo Serikali na chama tawala, TANU, walikuwa wakibishana na suala la kutazamwa kwa mwanamke kwa upande mwingine. Mwaka 1967 Theresa Shayo alitawazwa Miss Tanzania, na muda si mrefu mashindano hayo yakasimamishwa kwa kuonekana kuwa kinyume cha utamaduni wa taifa. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana, iliyopiga marufuku sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua kuanzia tarehe mosi Januari 1969, na mara tu baada ya tangazo vijana wa kiume wakawavamia wanawake katika mabasi na mitaa ya Kariakoo, wakiwachania nguo kwa jina la maadili. Kukataa mwanamke asinadiwe jukwaani ni jambo jema. Lakini yule aliyemvua mwenzake nguo barabarani naye alikuwa amejipa haki ya kuuhukumu mwili usio wake, na katika hilo hakutofautiana na mfanyabiashara aliyeuonyesha kwa kiingilio.

Ndipo wanawake wenyewe wakaishika kalamu. Mwaka 1987 waandishi wa habari wa kike, Fatma Alloo akiwa miongoni mwao, waliunda Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, na jarida lao wakaliita Sauti ya Siti, ili jina la yule mwimbaji wa Fumba liwe bendera ya wanawake wanaosema badala ya kusemewa. Jarida hilo liliandika juu ya unyanyasaji na juu ya namna vyombo vya habari vinavyomchora mwanamke. Miaka kumi na miwili nyuma, mwaka 1975, msomi wa Uingereza Laura Mulvey alikuwa amechapisha katika jarida la Screen makala mashuhuri akieleza kwamba sinema za Hollywood zimepangwa kana kwamba mtazamaji wake siku zote ni mwanamume, na kwamba mwanamke huwekwa ndani yake ili hadithi isimame kidogo na jicho lishibe.

Hali hiyo ilitufikia kwa kishindo mwaka 1994, pale Tanzania Bara ilipopata vituo vyake vya kwanza vya televisheni na mashindano ya Miss Tanzania yakarejea, taji likienda kwa Aina Maeda. Makampuni ya simu na ya vinywaji yakawa wadhamini. Magazeti ya udaku yakajaza kurasa za mbele picha za warembo. Bendi za dansi, zikifuata mtindo uliotoka Zaire, zikawaweka wanenguaji mstari wa mbele. Hata bendi ya Twanga Pepeta, ambayo mwenyewe ni mwanamke, Asha Baraka, na ambayo ilikuwa na mwimbaji hodari kama Luiza Mbutu, haikuweza kuliacha soko hilo, kwa kuwa ladha ya mlipa kiingilio ilikwisha kujengeka. Kumbi nyingi zikatangaza kwamba akina dada huingia bure; na mtu akitafakari, mgeni asiyetozwa chochote katika nyumba ya biashara aghalabu ndiye bidhaa yenyewe.

Msomaji anayetaka kuliona jambo hili kwa karibu na apande basi katika stendi ya Msamvu, akae viti vya mbele, aitazame runinga iliyoning'inizwa nyuma ya dereva. Katika video nyingi za Bongo Fleva mwimbaji wa kiume huonyeshwa uso kwanza, akisema na mtazamaji macho kwa macho, na jina lake limeandikwa chini ya picha. Lakini binti anayecheza kando yake huanziwa miguuni, kamera ikapanda taratibu mpaka mapajani na kiunoni, ikakawia hapo, na huenda wimbo ukaisha uso wake haujatulia hata mara moja. Hana jina, wala hana neno. Na watoto wa kike waliopakatwa na mama zao katika basi hilo wanasoma somo hilo mpaka Dodoma.

Dola ilipoamua kukemea, adhabu ilimwangukia aliyeonekana. Mwaka 2015 Baraza la Sanaa la Taifa lilimfungia mwimbaji Shilole kwa mwaka mmoja, na Mei 2016 wizara husika ikazuia wimbo wa Chura wa Snura Mushi kwa kuwa video yake ilimdhalilisha mwanamke. Sitetei picha zile. Lakini haki hutimia pale ambapo mtunga picha, mfadhili na kituo kinachorusha nao huulizwa, maana mchezaji peke yake hajengi soko.

Wapo waliotuonyesha kwamba njia nyingine ipo. Flaviana Matata alisimama Mexico mwaka 2007 katika shindano la Miss Universe akiwa amenyoa kichwa, kinyume cha kila kanuni ya urembo wa biashara, akaingia kumi bora, na baadaye akaanzisha taasisi ya kusomesha wasichana. Nancy Sumari, Miss World Africa wa mwaka 2005, aliwaandikia watoto kitabu, Nyota Yako, juu ya wanawake wa Tanzania waliofanya mambo ya maana. Na Khadija Kopa amejaza kumbi za taarabu miaka na miaka kwa sauti na ukali wa maneno, akitunzwa noti na wanawake wenzake, ambao huko ndio watazamaji na ndio walipaji.

Nawaomba, basi, wenye redio, kumbi na studio za Morogoro, warithi wa Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe, wampe binti wa Uluguru kipaza sauti na gitaa, waandike jina lake na wamlipe ujira wa kazi yake. Na wewe msomaji, ujue kwamba soko hufuata fedha yako: nunua sauti, nunua utunzi, na kile kinachomuuza mwanamke bila jina lake kiache kidode.