Utani na Uzazi Mazimbu

Utani, yaani desturi inayowaruhusu watu wa makabila au koo fulani, hata babu na mjukuu, kukejeliana bila kuudhiana, ulikuwa umekita mizizi Uluguru, mkoani Morogoro, Tanzania, ambako mtani huweza kuchekesha hata msibani, akajilaza kaburini hadi alipwe, muda mrefu kabla shamba la zamani la mkonge la Mazimbu, huko huko Morogoro, halijakabidhiwa kwa wapigania uhuru wa Afrika Kusini mwaka 1977. Hapo chama chao cha ANC kilijenga Chuo cha Solomon Mahlangu, pamoja na kituo cha kulelea watoto wachanga, na baadhi ya wageni wakaoana na Watanzania. Kwa kuwa Waluguru huhesabu ukoo upande wa mama, mtoto wa mama Mluguru na baba mkimbizi alizaliwa akiwa mwanaukoo kamili, mwenye babu wa kutaniana naye, na uanaukoo huo ulikuwa hifadhi ya kweli wakimbizi waliporudi kwao na chuo kukabidhiwa Tanzania mwaka 1992.