Safari ya Neno Shule

Kila siku ya kazi, kabla jua halijapanda, njia za vijiji na mitaa yetu hujaa watoto waliovaa sare, madaftari kwapani au mabegi mgongoni. Ukimsimamisha mmoja wao ukamwuliza aendako, atakujibu kwa neno moja: shule. Neno hili ni jepesi mdomoni, nasi tumelizoea kiasi cha kutojiuliza kamwe lilitoka wapi na lilikuwa na maana gani kabla ya kutufikia. Lakini maneno ni kama wasafiri: kila mmoja ana kwao, ana bandari alizopitia, na mara nyingi ana mzigo ambao mwenyeji wake hajaufungua. Katika insha hii twakusudia kuufungua mzigo wa neno shule, tuone ndani yake mna nini kinachotuhusu sisi walimu na wanafunzi wa leo.

Asili ya neno hili ni kwa Wayunani wa kale. Wao walikuwa na neno skholē, ambalo maana yake ya kwanza haikuwa jengo, wala mwalimu, wala kitabu. Maana yake ilikuwa wasaa, yaani muda wa mtu asiyebanwa na kazi ya kutafuta riziki. Mwenye wasaa aliweza kuketi na wenzake wakazungumza juu ya haki, utawala, hesabu na mwendo wa nyota. Kidogo kidogo neno likahama. Kutoka wasaa wenyewe likashika mazungumzo yaliyofanywa katika wasaa huo. Kisha likashika mafunzo ya mwalimu na wafuasi wake. Na mwisho likawa jina la mahali walipokutania.

Yafaa tujiulize: wasaa huo ulikuwa wa nani? Katika mji wa Athens, watumwa ndio waliotumika mashambani na majumbani, na ndio walioteremka kuchimba fedha katika migodi ya Laurion. Wanawake walio wengi hawakushiriki katika mabaraza ya wenye elimu. Kwa hiyo wasaa wa wachache ulilipwa kwa jasho la wengi. Hili ndilo fumbo lililofichwa katika neno tulitamkalo kila siku: elimu huhitaji wasaa, na wasaa, usipogawanywa kwa haki, huwa mali ya mabwana peke yao.

Kutoka kwa Wayunani neno liliingia kwa Warumi, wakaliita schola. Warumi hao hao walikuwa na neno jingine, ludus, walilolitumia kwa shule ya watoto wadogo, na ambalo kwa kawaida maana yake ni mchezo. Baada ya hapo neno schola lilitawanyika Ulaya, na kila ulimi ukalikata na kulishona upya kwa kipimo chake. Waitalia wakasema scuola. Wahispania na Wareno, ambao ndimi zao hazipendi kuanza neno kwa s inayofuatwa na konsonanti, wakatanguliza irabu, wakapata escuela na escola. Wafaransa nao walitanguliza irabu, kisha wakaidondosha ile s, likabaki école. Wahungaria husema iskola, Warusi shkola, Waingereza school, na Wajerumani Schule. Wayahudi wa Ulaya ya mashariki walilichukua neno la Kijerumani wakaliita shul, lakini kwao likawa jina la nyumba ya ibada, kwa kuwa hapo ndipo walipoyasoma maandiko yao. Wareno nao walilipakia neno lao merikebuni hata likafika visiwa vya Asia ya kusini mashariki, na hadi leo Wamalei na Waindonesia husema sekolah.

Hata hivyo, si mataifa yote yaliyopokea neno hilo. Wengi waliitazama kazi yenyewe ya kujifunza, wakaipa jina kutokana na jambo waliloliona kuwa kubwa ndani yake. Waarabu waliliunda neno madrasa kutokana na mzizi wenye maana ya kudurusu, na mzizi huo huo ndio uliotupatia sisi darasa. Wana pia neno maktab, ambalo asili yake ni kuandika, na ambalo ni ndugu wa neno letu kitabu. Waebrania husema beit sefer, yaani nyumba ya kitabu. Nchini India mna neno vidyalaya, maana yake makao ya elimu. Wahausa husema makaranta, mahali pa kusomea. Jirani zetu Waganda husema essomero, nalo pia ni mahali pa kusomea. Na katika Kiswahili cha Lubumbashi, huko Kongo, mtoto huenda masomo pale ambapo mtoto wa Dodoma huenda shule. Waturuki walikuwa wakitumia neno la Kiarabu, mektep. Katika miaka ya 1930, walipokuwa wakiirekebisha lugha yao, walichagua okul, neno lililojengwa juu ya kitenzi chao cha kusoma huku likisikika karibu na lile la Kifaransa. Na Wasomali wana neno dugsi, ambalo asili yake ni mahali pa kujikinga na upepo na baridi.

Tukiyapanga majina haya pamoja, tunaona kuwa yanataja mambo matano: wasaa, kitabu, kusoma, nyumba na hifadhi. Hakuna hata moja kati ya mambo hayo ambalo mtoto anaweza kulikosa akasoma vizuri. Ni kana kwamba kila taifa lilishika upande mmoja wa jambo lile lile.

Je, sisi tulikuwa na jina gani kabla ya shule? Katika pwani yetu lilikuwako neno chuo. Zamani chuo kilikuwa kitabu chenyewe. Utendi mashuhuri wa Tambuka, ambao uliandikwa Pate mwaka 1728, hujulikana pia kwa jina la Chuo cha Herekali, na hapo chuo si mahali, bali ni kitabu. Baadaye mahali ambapo watoto walikisoma kitabu palichukua jina lake, ikawa mtoto anakwenda chuoni kusoma Kurani. Hapo chuoni ndipo tulipopata neno kuhitimu, ambalo kwanza lilikuwa kuimaliza Kurani, na ambalo leo hutamkwa katika mahafali ya kila aina. Na penginepo, pwani na bara, palikuwa na mafunzo yasiyo na jengo wala wino: jando na unyago, ambamo makungwi waliwafunza vijana wajibu wao, na baraza la wazee, ambamo vijana walijifunza historia na sheria kwa kusikiliza. Basi asiseme mtu kuwa elimu ilikuja na neno shule. Lililokuja ni neno, na aina moja ya elimu.

Wamisionari walitangulia. Huko Bagamoyo, tangu mwaka 1868, mapadri wa shirika la Kifaransa waliwafundisha watoto waliokombolewa utumwani. Tuutazame mgeuko huo wa historia: kazi ambayo kwa Wayunani ilikuwa ya mabwana wenye watumwa, hapa pwani ilifundishwa kwa watoto waliotoka katika minyororo. Neno la mapadri hao, école, halikukaa katika Kiswahili chetu. Lililokaa ni la Wajerumani. Utawala wao ulifungua shule ya Serikali mjini Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, na kutoka shule hiyo likatoka gazeti la Kiswahili, Kiongozi, mwaka 1904. Nia ya mkoloni haikuwa kumwelimisha Mwafrika kwa manufaa ya Mwafrika. Alitaka makarani, maakida, wakalimani na walimu wa kumsaidia kutawala kwa gharama ndogo. Pamoja na hayo, neno Schule lilitua katika Kiswahili kama ndege atuaye kwenye tawi alilolizoea, kwa maana silabi zake, shu na le, zilikuwa tayari na umbo la Kibantu.

Unguja na Pemba zilikuwa chini ya Waingereza tangu mwaka 1890. Huko neno lililoingia lilikuwa la Kiingereza, likatiwa irabu mwishoni, likawa skuli. Na hata leo Wazanzibari husema skuli, na mbao za majengo yao huandikwa hivyo. Ndugu zetu wa Malawi nao, kwa lile lile la Kiingereza, wamepata sukulu. Huku bara, Wajerumani waliondolewa katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza wakashika mahali pao; lakini neno la Wajerumani halikufuatana nao. Lilibaki pamoja na mwenzake hela, sarafu ya enzi hizo. Lilibaki pia kwa Wanyarwanda, waliokuwa katika koloni hilo hilo, ambao husema ishuri. Tena, ingawa lahaja ya Kiunguja ndiyo iliyochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, katika jambo hili neno la bara ndilo lililoenea katika vitabu, hata Kenya. Watawala hupita, maneno hubaki mikononi mwa wale wanaoyatumia.

Wako watakaosema: mwacha mila ni mtumwa, na kama neno shule ni la mkoloni basi tulitupe. Sisi hatukubaliani nao. Neno huwa la yule anayelijaza maana. Na neno chuo, ambalo mtu angedhani limesahauliwa, limepandishwa daraja: mwaka 1970 kilipoanzishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lile jina la kitabu cha mtoto wa pwani lilikuwa sasa ndilo jina la kilele cha elimu ya Taifa. Lugha iliyo hai haimfukuzi mgeni, wala haimtupi mzee wake.

Lililo kubwa kuliko asili ya neno ni lile fumbo la wasaa. Machi 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba elimu ya kikoloni ilimtenga kijana na jamii yake na kumfanya aidharau kazi ya mikono. Akataka shule ziwe na mashamba, na wanafunzi wale sehemu ya jasho lao. Hilo lilikuwa jibu kwa ule mgawanyo wa Athens, ambapo mmoja hufikiri na mwingine hulima. Novemba 1974, huko Musoma, ikaazimiwa kuwa elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo Novemba 1977. Wasaa wa wachache ukatangazwa kuwa haki ya wote.

Sisi tulioingia darasa la kwanza katika miaka hiyo tunashuhudia wema wake, maana wengi wetu tulikuwa wa kwanza katika koo zetu kushika kalamu. Lakini insha ya historia haina budi kusema kweli yote. Tunakumbuka pia siku ambazo jembe lilikula saa ya hesabu. Siku tulizobeba kuni na maji hadi kengele ya kwenda nyumbani ikagongwa, na ubao ukabaki mweusi kama ulivyokuwa asubuhi. Nia ya Mwalimu ilikuwa kuunganisha kazi na elimu. Pale ambapo kazi ilibaki peke yake, jina la shule lilikuwako, lakini shule yenyewe haikuwako.

Ada imefutwa katika elimu ya msingi na sekondari hadi kidato cha nne tangu mwaka 2016, na mwaka 2022 kidato cha tano na cha sita vikaongezwa. Novemba 2021 mlango ulifunguliwa kwa wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito, wapate kurudi. Hizi ni hatua za kheri. Lakini yuko msichana ambaye ada yake imefutwa, naye huamka usiku kuteka maji, hufika darasani amechoka, na jioni humngoja moto wa kupika na mtoto wa kubeba, hata daftari lake hulifungua taa inapozimwa. Kaka yake, aliyezaliwa katika nyumba ile ile, ana saa nzima ya kusoma. Mtoto huyu ana shule kwa jina, lakini wasaa hana. Anaishi ule ule utaratibu wa Athens, ambao ndani yake mmoja hutumika ili mwingine asome.

Basi, ndugu walimu, mnapoandika kazi ya nyumbani ubaoni, ulizeni ni nani atakayepata saa ya kuifanya, na siku ya mkutano wa wazazi lisemeni jambo hilo waziwazi. Nanyi wanafunzi, hasa wavulana, ndoo ya maji haina jinsia. Mwenye kumpokea dada yake ndoo amempa kitabu. Wayunani walilifuma neno, Warumi wakalivaa, Wajerumani wakalileta, na sisi tumelishona kwa uzi wetu. Kilichobaki ni kuhakikisha kwamba kila mtoto anayelitaja asubuhi njiani anakuta kule aendako wasaa, kitabu, mwalimu na hifadhi, na kwamba akirudi nyumbani jioni havinyang'anywi.